Buibui Asiye na Shimo

Mama Tina aliogopa buibui kuliko alivyoogopa nyoka, mbwa na radi, na Mungu akamjalia binti mmoja tu, ambaye katika viumbe vyote vya dunia alipenda buibui.

Jina lake hasa ni Immaculée, lakini jengo zima tulimwita Mama Tina. Alizaliwa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, akafika Durban na mimba ya Tina tumboni, na tangu nimfahamu amekuwa akisuka nywele katika saluni iliyo chini ya jengo letu, hapa katikati ya mji. Mimi ni Coletha, mtu wa Kigoma. Nashona nguo chumbani mwangu, ghorofa ya juu kabisa, na mlango wangu unatazamana na wake. Kigoma na Baraka tunatazamana ziwani vilevile, kwa hiyo tulipokutana huku ugenini hatukuchukua muda kuzoeana.

Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito na mkono mwepesi. Wateja husinzia akiwasuka. Lakini akiona utando wa buibui kwenye pembe ya dari, kazi inasimama papo hapo, kitana mkononi, mpaka mtu aje na ufagio. Mumewe, Ezéchiel, ambaye anapakia mizigo kwenye ghala kule Mobeni, alikuwa akimtania kwamba angeweza kumkimbia hata buibui wa kuchorwa.

Tina alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyama chuoni. Siku moja alirudi nyumbani na sanduku la kioo lililojaa udongo zaidi ya nusu, na ndani ya udongo ule mlikuwa na tundu moja kando ya kioo. Kumbe hapa Durban kuna watu wanaofuga buibui kama sisi tunavyofuga kuku, na kuna maduka yanayowauza. Huyu wa Tina alikuwa wa jamii ya Asia, amezalishwa na mfugaji. Miguu yake ilikuwa na rangi ya buluu kama bati lililopita motoni, na akijinyoosha anafunika kiganja cha mtu mzima. Mama yake aliposikia hayo alitoka chumbani akaja kukaa kwangu, akasema harudi.

Tina alimfuata. "Maman, hautamuona," alimwambia. "Huyu anaishi chini. Anachimba shimo lake, anakaa humo. Unaweza maliza mwezi mzima hujaona hata mguu."

"Na siku atatoka?"

"Hawezi toka. Ju ya nini atoke? Kwake ni pale."

Wakapatana hivyo. Sanduku likawekwa juu ya kabati la nguo, likafunikwa kitenge, na Tina peke yake ndiye aliyelifunua. Kweli, miezi ikapita, hakuna aliyeona kitu. Mama Tina alilizoea lile sanduku kama mtu anavyozoea kulala karibu na barabara. Hakulitaja kwa jina. Alisema "ile kitu".

Kisha chuo kikampeleka Tina kwenye mazoezi ya kazi, katika hifadhi moja huko kaskazini, mahali ambapo simu inashika mtandao ukipanda kilima. Kabla ya kuondoka alimwomba mama yake jambo moja: adondoshee maji kidogo kwenye pembe ya sanduku mara mojamoja, asifungue kifuniko kabisa. Mama Tina alikubali huku ameangalia ukutani.

Ndipo mvua ikaja. Mvua ya Durban ikiamua kukaa, inakaa kama mgeni asiye na aibu. Paa letu lilikuwa likivuja hapa na pale tangu zamani, lakini safari hii lilichagua kuvuja juu ya kabati la Mama Tina. Hakujua. Kitenge kilinyonya maji usiku kucha, na maji yakapenya kwenye matundu ya kifuniko. Asubuhi alipokivuta kile kitenge ili akikamue, nilisikia ukelele uliofanya mkasi uniponyoke.

"Mama Coletha! Kuja! Kuja mbio! Imetoka!"

Nilikuta amesimama kitandani. Udongo ndani ya sanduku ulikuwa tope, na lile tundu la kando ya kioo limeanguka, halipo tena. Na juu ya kioo, kwa ndani, alikuwa amejibandika buibui. Sitasahau. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri, na tumbo lake jeusi lilikuwa limepakaa matope. Nilipokaribia aligeuka ghafla, akainua miguu ya mbele juu, akafungua meno. Yalikuwa marefu, yamepinda, mekundu pembeni. Mimi nami nikapanda kitandani.

Ezéchiel aliporudi kutoka kazini jioni alilitazama lile tope, akasema hilo si tatizo. Njiani alikuwa amepita mtaa wa Jacobs kwa rafiki yake anayefanya kazi kwenye karakana ya samani, na kwa kuwa mkewe alikuwa amempigia simu akilia, alikuja na mfuko mzima wa maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayotoka kwenye randa.

"Ni makavu, yatakunywa maji," alisema. "Hata vifaranga wanalalia maranda. Buibui ni nani?"

Alivaa glavu za kazini, akamfunika buibui kwa bakuli, akateremsha tope kwenye ndoo, akamwaga maranda. Mama Tina alikuwa kwenye korido, anasali kwa Kifaransa. Kazi ilipokwisha chumba kizima kilinukia mbao mbichi. Tulidhani tumemaliza.

Kumbe tulikuwa tumemfanyia buibui yule ubaya juu ya ubaya. Hakutaka hata kuyakanyaga yale maranda. Alizunguka kwenye kioo usiku na mchana, akipanda mpaka kwenye kifuniko na kukisukuma kwa miguu, akishuka, akipanda tena. Mara nyingine alijaribu kuchimba: alikumbatia maranda kwa miguu ya mbele, akayasogeza, na yote yakamwagika mahali pale pale. Akaondoka, akarudi kiooni. Ukigonga meza tu, anainua miguu na kuonyesha meno. Mama Tina aliweka juu ya kifuniko ile sufuria nzito anayosongea fufu ili kisije kikafunguka. Alipika kwa sufuria nyingine. Usingizi alikuwa hapati. Alikuwa akinijia alfajiri na macho mekundu, tunakunywa chai mpaka kunakucha.

Alimtumia Tina ujumbe wa sauti mara nyingi. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi, maneno yanakatika: mpigie Kendi. Na namba.

Kendi alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa chuo kikuu kule mlimani, anayesomea wadudu. Yeye na Tina walifahamiana kwenye hayo mambo yao ya buibui. Alijibu mara moja, na Mama Tina akaweka sauti juu ili nami nisikie.

"Mama Tina, pole sana. Hayo maranda ni ya mbao gani? Kama ni pine, lazima yatolewe. Ule utomvu wake unanukia vizuri kwetu, lakini kwa buibui ni sumu. Na hata kama haingekuwa sumu, hawezi chimba ndani yake, kwa sababu hayashikani. Huyo ni buibui wa shimo. Akikosa shimo anaogopa vibaya sana, na akiogopa anakimbia, na akishikwa anauma. Hataua mtu, lakini mtu atalia. Kwa hivyo msimguse, ngojeni mimi. Nitaleta udongo mzuri kesho kutwa. Kesho sitaweza, mnajua vile mji utakuwa."

Tulijua. Mama Tina alizima simu. Kisha akaniuliza, kama mtu aliyetukanwa:

"Ile kitu ndiyo iko inaogopa? Na mimi je?"

Siku ya pili yake ilikuwa siku ya maandamano. Ujumbe ulikuwa umezunguka kwenye simu zetu juma zima: watu watapita mjini kudai wageni waondoke, msifungue maduka, watoto wasiende shule, msitembee. Yamekuwa mengi maandamano ya namna hii. Mengine yanapita kwa amani, watu wanaimba, wanakwenda zao. Mengine hayapiti hivyo. Huwezi kujua ni lipi mpaka lifike mlangoni kwako, na kule kutojua ndiko kunakokausha mate.

Ezéchiel alikuwa ameondoka kabla ya mapambazuko. Alipiga simu kutoka Mobeni akasema msimamizi wao amewaambia wasitoke ghalani mpaka hali itulie, hata kama ni kulala huko. Mlinzi wa jengo alifunga geti kwa minyororo, akapita mlango hadi mlango: pazia zishushwe, redio zizimwe, watu wasisimame dirishani. Watakaopita chini wadhani jengo ni tupu.

Chumba changu kinaangalia barabarani. Nilichukua chupa ya chai na pasipoti yangu nikahamia kwa Mama Tina, ambaye dirisha lake liko upande wa nyuma. Tulikaa kitandani kama wasafiri kituoni. Juu ya kabati, buibui alikuwa akizunguka. Ungeweza kusikia kucha zake kwenye kioo, tik, tik, tik, kama mvua ya mwanzo.

Kwanza tulisikia filimbi, mbali. Kisha nyimbo. Wazulu wanajua kuimba, na siku nyingine ningesimama nisikilize. Nyimbo zilikuja zikakua mpaka zikawa chini yetu kabisa, na hapo zikasimama. Watu walikuwa wakipiga kelele, na katikati ya kelele nilisikia lile neno wanalotutukania sisi wageni, kwerekwere, mara kwa mara. Kikapasuka kioo. Kisha chuma kikaanza kugongwa. Lilikuwa geti letu.

Mama Tina alisimama. "Tusukume armoire," alininong'oneza. "Tuweke kwa mlango. Saidia, mama. Doucement, polepole."

Sikukumbuka kitu. Wala yeye hakukumbuka. Tulishika kabati huku na huku, tukalisukuma. Lilikwama kwenye mkunjo wa zulia, tukaongeza nguvu, likaruka, likajibamiza mlangoni. Sufuria ya fufu ikateleza. Iliondoka na kifuniko, ikaanguka sakafuni kwa kishindo ambacho nilidhani mji wote umekisikia, na nyuma yake lile sanduku likapinduka kwa upande, likanyesha maranda juu ya vichwa vyetu. Lilinaswa na mkono wa Mama Tina. Lilikuwa tupu.

Nilifungua mdomo nipige ukelele. Kiganja chake kilinifunika mdomo kabla sauti haijatoka. Macho yake yalikuwa wazi kabisa na machozi yanatiririka, lakini yeye mwenyewe hakutoa hata pumzi. Tulirudi kinyumenyume mpaka kitandani, tukapanda, tukasimama tumeshikana. Mlango umezibwa na kabati. Chini kuna watu wanagonga geti. Na mahali fulani ndani ya chumba kile, ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta, yumo buibui.

Nikamwona. Alikuwa kwenye zulia, amejibana dhidi ya mguu wa meza. Kisha hakuwepo; alikuwa chini ya dirisha. Sijawahi kuona kiumbe kinachokwenda vile. Hukioni kikienda, unakiona kimeshafika. Alijaribu kuingia chini ya ukuta, pale palipo ubao wa pembeni, hapakuwa na nafasi. Akajaribu chini ya ndoo. Akarudi upande wetu, na nilihisi kucha za Mama Tina zikiingia kwenye mkono wangu.

Geti lililia tena. Mtu alicheka chini, kisha wengi wakapiga makofi.

Mama Tina alianza kunong'ona karibu na sikio langu. Nadhani alinong'ona ili asipige kelele. Sauti ilikuwa ndogo, haina kupanda wala kushuka.

"Baba yangu alikuwa anafanya matofali," alisema. "Kule kwetu. Ile mwaka vita iliingia, alituweka mimi na mama ndani ya shimo alikuwa anatoa udongo, akafunika na nyasi. Akasema: hata kitu gani, musitikisike. Watu walikuwa wanapita juu. Na mule ndani mulikuwa buibui, Mama Coletha. Mingi. Ilitembea hapa kwa shingo, iliingia kwa masikio. Na sikutikisika."

Nikamnong'oneza: "Na baba yako ndiye aliyewafungulia?"

"Alitufungulia mtu mwingine."

Buibui alikuwa amefika kwenye viatu, pembeni mwa kitanda. Palikuwa na jozi ya buti za zamani za Ezéchiel, moja imesimama, moja imelala ubavu. Alisimama mbele ya ile iliyolala. Aligusa mdomo wake kwa miguu ya mbele, taratibu, huku na huku, kama kipofu anayepapasa mlango wa nyumba asiyoijua. Kisha akaingia. Miguu ya nyuma ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupotea.

"Ilikuwa inatafuta shimo," alisema Mama Tina.

Akanirudishia mkono wangu, maana ndivyo ilivyokuwa: alibandua vidole vyake kwenye ngozi yangu kimoja kimoja. Akavua kilemba. Nilimwambia asishuke, nikamwambia kwa macho, kwa kichwa. Alishuka. Alipiga magoti mbele ya ile buti, akasema "Yezu wangu", akakisokomeza kile kilemba mdomoni mwa buti kwa mikono yote miwili, akaisimamisha wima, akaitia kwenye ndoo, akafunika ndoo, akaweka sufuria ya fufu juu yake. Kisha akatapika kwenye beseni, bila sauti.

Muda si mrefu tukasikia ving'ora vya polisi. Kelele zikavunjika vipande vipande, nyingine zikaelekea upande wa soko, nyingine zikazimika. Minyororo ya geti ilikuwa imeshika. Kioo tulichosikia kikipasuka kilikuwa cha saluni ya Mama Tina; hilo tulilijua baadaye. Hatukuthubutu kusogeza kabati mpaka mlinzi alipopanda mwenyewe na kutuita kwa majina, na hata hapo tulimwuliza mara mbili yeye ni nani.

Ezéchiel alirudi kesho yake, nguo za jana mwilini, na mfuko wa udongo wa maua begani. Alikuwa ameununua njiani ili arekebishe kosa la maranda. Alipokuwa bado amemkumbatia mkewe, Kendi naye akafika. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye miwani, na alipoingia alikaa kwanza, akaomba maji. Alikuwa ametoka chuoni kwa teksi, na njia nzima alikuwa amefumba mdomo, asije akasikika anaongea lugha gani. Mkononi alikuwa na mfuko mzito.

Tulipomweleza buibui yuko wapi, aliangalia ile ndoo. "Mama Tina, wewe ndiye umemtia humo?"

"Ni mimi."

"Mimi mwenyewe ningengoja atoke," alisema Kendi, na hakuwa anatania.

Akaufungua mfuko wa Ezéchiel, akachota kiganja, akausugua. Mlikuwa na chembe nyeupe na vidonge vidogo vya manjano. "Huu hapana, Baba Tina. Hii ni mbolea. Itamchoma polepole, na hizi nyeupe zinaufanya udongo uwe mwepesi, hausimami."

"Basi mimi kila kitu nitaleta ni sumu," alisema Ezéchiel, akaketi.

Kendi alitoa vitu vyake. Kulikuwa na tofali la makumbi ya nazi yaliyosagwa na kugandamizwa. Alilitia kwenye beseni la maji, likavimba mpaka likajaa beseni. Kulikuwa na udongo wa kawaida, mweusi, usio na dawa wala mbolea, aliouchota nyuma ya nyumba ya mwalimu wake mahali anapojua hapajapuliziwa kitu. Na kulikuwa na bonge la mfinyanzi mwekundu. Alitufafanulia akiwa anachanganya, bila haraka. Mchanga mtupu unaporomoka. Makumbi peke yake yanashika unyevu vizuri, lakini yakikauka juu, kuta za shimo zinamwagika. Udongo unatia uzito, na mfinyanzi kidogo unafunga. Chini uwe na unyevu, juu uwe mkavu. Na uwe wa kina, kwa sababu mnyama huyu anataka kwenda chini, haendi pembeni.

"Unajua umefika ukikamata hivi," alisema, akafinya konzi. "Ukifungua mkono, bonge libaki. Na maji yasitoke."

Mama Tina alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mbali na ndoo. Aliposikia hayo alikuja, akapiga magoti kando ya beseni. Akatia mkono, akafinya, akafungua. Bonge lilisimama kidogo, kisha likapasuka katikati.

"Bado," alisema. "Ongeza ile nyekundu. Na maji kidogo tu, usimwage, nyunyiza."

Kendi aliongeza. Mama Tina alifinya tena, akalitazama bonge, akalibonyeza kwa kidole gumba. Halikupasuka. Hakusema kitu kuhusu matofali wala baba yake, nami sikusema. Aliujaza udongo ndani ya sanduku kwa matabaka, na kila tabaka alilishindilia kwa ngumi mpaka kioo kikawa kinatetema. Kendi alimwambia ashindilie tu, udongo mlegevu ndio unaoua. Mwishoni Mama Tina alichukua mpini wa mwiko, akatoboa tundu la mshazari kando ya kioo, la kumwonyesha mgeni pa kuanzia.

Kumtoa kwenye buti ilikuwa kazi ya Kendi, na mimi sikuiona, maana nilikuwa kwenye korido pamoja na Ezéchiel. Mama Tina alibaki ndani. Aliniambia alifumba macho, akashika pembe ya sanduku lisiyumbe, na akahesabu majina ya wajomba zake wote. Tulipoingia, buibui alikuwa juu ya udongo, amejikunja, mdogo kuliko jana. Alinyoosha mguu mmoja, akagusa. Akanyoosha mwingine. Alitembea polepole, akakuta lile tundu, akaingia nusu, akatulia. Baada ya muda akatoka kinyumenyume, amekumbatia tonge la udongo kifuani. Akaliweka. Akarudi ndani kuchukua lingine.

"Amekubali," alisema Kendi, akalia kidogo. Sijui kama alikuwa akimlilia buibui tu.

Saluni ilikaa imezibwa kwa mbao kwa muda. Mama Tina alirudi kazini ilipofunguliwa, lakini kiti chake alikihamisha kikawa nyuma, mbali na dirisha, na kila wimbo wa barabarani ulipopita, hata wa harusi, mikono yake ilisimama kichwani mwa mteja. Chumbani, sanduku liliwekwa sakafuni kwenye pembe, si juu ya kabati tena. Aliendelea kulifunika kitenge. Aliendelea kudondosha maji ameangalia ukutani. Watu wengi wakisimulia mambo haya husema kwamba baada ya hapo woga uliisha. Wa Mama Tina haukuisha.

Tina aliporudi alisikia yote, akamshika mama yake mikono, akasema atampa Kendi yule buibui, amtunze kule chuoni. Mama hakupinga. Alisema kweli itakuwa afadhali, apate kulala.

Kendi alikuja na rafiki yake mwenye gari kuchukua sanduku. Tina alilibeba kushuka ngazi, na mama yake alikuwa mbele, anawaambia watu wapishe. Waliliweka kwenye kiti cha nyuma, wakalifunga mkanda. Mama Tina akainama dirishani kwa dereva.

"Mon fils, uende polepole," alimwambia. "Kwenye mashimo ya barabara, polepole sana. Shimo yake isianguke."

Gari lilipita roboti ya kwanza, zile taa za njia panda, likakata kona kuelekea mlimani, naye alikuwa bado amesimama getini, mikono kifuani, mpaka nilipomkumbusha kwamba kuna mteja anamngoja ndani, amesukwa nusu kichwa.